Pikapu Iliyopandishwa: Jinsi ya Kujua Kilichofanywa Chini Yake Kabla Hujalipa

Dalali atakuambia: "Bosi, hii imepandishwa inchi mbili, unapita popote." Kuhusu inchi hajadanganya. Ambacho hajasema ni zimepatikanaje. Inchi mbili zinaweza kuwa springi mpya pembe zote nne pamoja na shokapu za urefu unaostahili. Zinaweza pia kuwa pete za plastiki mbele na vipande vya bomba la mraba nyuma, kazi ya mchana mmoja chini ya mwembe. Ukiwa umesimama kando ya barabara hutaona tofauti, na mara nyingi hata bei hailingani na kilichofanywa.

Mwongozo huu unahusu kuipata tofauti hiyo kwa macho, mikono na futi kabla pesa haijatoka. Mfano mkuu ni Toyota Hilux, maana ndiyo iliyojaa kwenye yadi zetu kuanzia Mombasa hadi Mbeya, lakini mbinu nyingi zinafaa kwa pikapu yoyote. Beba futi ya chuma, tochi, kitambaa cha kufutia, jeki nzuri na stendi mbili. Vaa nguo usizozionea huruma, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi utaifanya ukiwa umelala chali.

Kwanza jua kiwanda kilitengeneza nini

Huwezi kujua kilichobadilishwa kama hujui kilichokuwepo. Angalia kibati cha gari kwenye chumba cha injini au kwenye nguzo ya mlango. Hilux ambayo namba yake ya modeli inaanza na KUN25 ni ya dizeli ya lita 2.5, gia pande zote nne (4x4), kizazi cha Vigo kilichotoka mwishoni mwa 2004 na kuendelea hadi 2015. GUN125 ni ya dizeli ya lita 2.4, pia ya gia pande zote, kizazi cha Revo kilichoanza 2015. Herufi hizo utazihitaji tena siku ya kutafuta spea, kwa hiyo zipige picha.

Vigo na Revo zote zina mtindo mmoja: mbele kuna koili iliyovikwa juu ya shokapu, katikati ya mkono wa juu na mkono wa chini, yaani mikono ya chuma inayolishikilia tairi kwenye chasisi; nyuma kuna ekseli nzima iliyofungwa chini ya springi za majani. Ford Ranger ya tangu 2011, Isuzu D-Max ya kizazi cha pili na Mitsubishi L200 ya tangu 2005 nazo ziko hivyo hivyo. Pikapu za zamani zaidi, kama Hilux ya gia pande zote ya 1997 hadi 2004, Nissan Hardbody D22 na D-Max ya kwanza, mbele hazina koili. Zina toshenibaa, ile fito ndefu ya chuma inayojinyonga chini ya chasisi. Hizo zinapandishwa kwa spana tu, na nitazigusa kidogo baadaye. Land Cruiser 79 ni habari nyingine kabisa, mbele ina ekseli nzima juu ya koili, na hapa siizungumzii.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujainama

Maswali manne yanatosha. Nani aliyeifunga? Ilifungwa lini? Gari lilikuwa linabeba nini? Na la nne, ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi: springi za mwanzo ziko wapi?

Jibu la swali la nne linafichua mengi. Mtu aliyenunua seti kamili mara nyingi ana springi za kiwandani zimelala stoo nyuma ya nyumba, na anaweza kukupa bure au kwa bei ya soda. Zikiwepo, una njia ya kurudi nyuma usipoipenda kazi iliyofanywa. Akikuambia springi za mwanzo ndizo hizo hizo zilizo kwenye gari, basi tayari unajua urefu umepatikana kwa kuongezea vitu juu au chini yake, siyo kwa springi mpya.

Swali la mzigo nalo lina uzito wake. Pikapu iliyokuwa inakimbiza miraa kutoka Maua kwenda Nairobi usiku, au iliyokuwa inabeba saruji na nondo kwenye miradi, huenda iliongezewa majani nyuma kwa ajili ya tani, siyo kwa ajili ya urefu. Ukiitumia tupu kwenda kazini itakurusha kila unapokutana na rasta, yale matuta madogo yanayofuatana barabarani.

Hatua ya 2: Pima, usikisie

Tafuta sehemu tambarare. Hakikisha upepo wa tairi ni sawa pande zote na nyuma hakuna mzigo. Sukuma gari mbele na nyuma mita kadhaa ili springi zijikalie, kisha pima kutoka katikati ya kifuniko cha rimu kwenda juu wima hadi ukingo wa chini wa madigadi. Fanya hivyo kwenye tairi zote nne na uandike.

Kwa nini usipime kutoka ardhini? Kwa sababu tairi kubwa itakudanganya. Kipimo cha kutoka katikati ya rimu hakijali ukubwa wa tairi, kinaonyesha suspensheni peke yake. Halafu tafuta pikapu nyingine ya aina ile ile, kebini ile ile, ambayo haijaguswa, nayo uipime vivyo hivyo. Katika yadi yenye Vigo tano hutakosa moja. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo urefu halisi ulioongezwa.

Tuseme gari unalolitaka limetoa 552 mbele kushoto, 545 mbele kulia, na nyuma 590 pande zote. Lile ambalo halijaguswa limetoa 503 mbele na 548 nyuma. Mbele limepanda kati ya milimita 42 na 49, nyuma 42. Hizo ni takribani inchi mbili kamili mbele na pungufu kidogo nyuma, kwa hiyo dalali hajakosea. Tofauti ya milimita 7 kati ya kushoto na kulia siyo jambo la kutisha kwenye gari lililotumika, hasa upande wa dereva. Ikizidi 15, kuna springi iliyochoka, iliyovunjika, au pande mbili zenye vifaa tofauti.

Angalia pia mkao wa jumla. Pikapu ya kiwandani ikiwa tupu huinua mkia kidogo ili ikipakiwa ikae sawa. Ukiiona imekaa sawa kabisa ikiwa tupu, ama mbele kumepandishwa peke yake ama springi za nyuma zimelala. Ikiwa imeinua pua, angalia bampa la mbele: je, kuna matundu ya bolti zisizo na kazi? Huenda ilikuwa na ngao nzito ya chuma na winchi, ikafungiwa koili ngumu kubeba uzito huo, kisha mwenyewe akaivua ngao na kuiuza kivyake. Koili zimebaki na kazi ya kubeba kitu kisichokuwepo.

Kuna ujanja mwingine wa kuwa nao macho: bodi kunyanyuliwa badala ya suspensheni. Hapo fundi ameweka vipande vya mpira au plastiki ngumu kati ya chasisi na kebini. Kipimo cha madigadi kitaongezeka, lakini tumbo la gari liko pale pale lilipokuwa. Utaijua kwa uwazi mpana kati ya bampa na bodi, na ukichungulia kwenye tairi ya mbele utaona chasisi imebaki chini ya bodi kuliko kawaida.

Kuhusu tairi

Soma maandishi ya ubavuni na ufanye hesabu. Vigo na Revo nyingi za daraja la juu zilitoka na 265/65R17. Asilimia 65 ya 265 ni milimita 172 na kidogo. Zidisha mara mbili, ongeza rimu ya inchi 17 ambayo ni milimita 432, unapata kimo cha takribani 776. Tairi ya 285/70R17 kwa hesabu ile ile inatoa takribani 831. Nusu ya tofauti ndiyo inayoinua gari, yaani milimita 27. Mtu akikuambia gari limepanda inchi tatu na katika hizo moja ni tairi, si uongo, ila isikuingie kwenye hesabu ya suspensheni.

Tairi hiyo kubwa ina deni lake. Kimo kimeongezeka kwa asilimia 7, kwa hiyo kwa kila kilomita 100 gari linazokwenda, dashibodi inahesabu takribani 93. Gari lililotembea miaka kadhaa hivyo lina kilomita nyingi kuliko linavyosema, bila mtu yeyote kuchezea mita.

Hatua ya 3: Mbele, ndani ya tairi

Geuza usukani hadi mwisho, washa tochi, chungulia juu ya shokapu. Kwenye Hilux utaona kichwa cha shokapu kimefungwa na nati tatu kwenye kikombe cha chasisi. Hapo ndipo ukweli ulipo.

Kama kati ya kichwa cha shokapu na kikombe kuna kisahani kinene cha alumini au plastiki nyeusi, hiyo ni pete ya kunyanyulia. Pima unene wake. Shokapu imekaa katikati ya mkono wa chini, siyo mwisho wake, kwa hiyo kila milimita ya pete inainua gari karibu mara mbili. Pete ya milimita 25 inatoa karibu 50 kwenye tairi. Wauzaji wengine hawalijui hili, na utawasikia wakidai pete ya inchi moja imeinua inchi moja.

Pete yenyewe siyo dhambi. Ikiwa ya milimita 10 kwa ajili ya kusawazisha pua, sina neno nayo. Tatizo la pete nene ni kwamba shokapu ya kiwandani haijaongezeka urefu wala koili haijaongezeka nguvu. Mfumo mzima umesukumwa chini tu. Tairi likishuka shimoni, mkono na boljoint, kile kiungo cha mwisho wa mkono, vinafika mbali kuliko vilivyopangiwa, na jointi za mashafti, fito zinazozungusha tairi za mbele, zinafanya kazi kwenye pembe kali.

Usipoona pete juu, angalia koili. Ya kiwandani kwa kawaida ni nyeusi, ina madoa ya rangi ya utambulisho na vumbi la miaka yake yote. Ya dukani mara nyingi ni nene zaidi au ina mizunguko tofauti, na ina namba. Futa tope kwa kitambaa uitafute. Dobinsons ya Australia, kwa mfano, huanza na C59 kwenye koili zake nyingi za Toyota. Old Man Emu ya kampuni ya ARB nayo huandika namba zake. Ukiipata, iingize kwenye orodha ya kampuni husika, utajua imetengenezwa kwa urefu gani na uzito gani wa ziada. Rangi ya shokapu usiitegemee sana. Rangi hupakwa, na stika huuzwa. Namba iliyogongwa kwenye chuma ndiyo ya kuamini.

Kwa zile za toshenibaa, tafuta bolti ya kurekebishia kwenye mwisho wa nyuma wa fito. Nyuzi nyingi zilizochomoza, zinazong'aa kuliko chuma kilichozizunguka, maana yake imekazwa karibuni ili kuinua pua. Haigharimu chochote kufanya hivyo. Kuirudisha nako hakugharimu, ndiyo maana sioni sababu ya kulikataa gari kwa hilo peke yake. Ila lijaribu barabarani: likigonga "tak!" kila mbele inaponyanyuka baada ya tuta, mikono imekaa juu ya vizuizi vyake na nafasi ya kushuka imekwisha.

Bado uko mbele. Angalia bolti mbili za mkono wa chini zenye visahani vya kuzungushia vyenye mistari. Hizo ndizo mtu wa wili alaimenti anazitumia. Mistari ikiwa imesogezwa hadi mwisho kabisa, alaimenti imelazimishwa na hakuna nafasi tena. Zikiwa zimeganda kwa kutu, jambo la kawaida kwa magari ya pwani, jua kwamba siku ya alaimenti utaanza na kukata bolti na kubadilisha bushi. Hesabu hiyo iingie kwenye maongezi ya bei.

Mkono wa juu nao uangalie. Wa kiwandani ni chuma kilichokunjwa. Ukikuta wa mabomba au wa chuma kilichofuliwa wenye boljoint mpya, mwenye gari alikuwa mtu makini: mikono ya aina hiyo huwekwa kurekebisha kasta inayopotea gari linapopanda. Kasta ndiyo inayorudisha usukani katikati baada ya kona. Ikipungua, usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga kwenye lami.

Hatua ya 4: Nyuma, kwenye majani

Lala chali kwenye ekseli ya nyuma na ufuate kwa jicho yubolti, zile bolti za umbo la U zinazobana springi na ekseli. Kati ya majani ya springi na kitako cha ekseli kuna nini?

Kama hakuna kitu isipokuwa kibati chembamba cha kiwandani, vizuri, urefu umetokana na springi zenyewe. Kama kuna kipande cha chuma kigumu kilichochongwa, chenye kichwa cha senta bolti, ile inayoyafunga majani katikati, kilichoingia kwenye tundu lake chini na juu, hicho ni kibloki halali na watu hukitumia. Kama ni bomba la mraba lenye uwazi ndani, lina mchomeleo, au ni vibloki viwili vimepandana, acha kufikiria. Ekseli inapovutwa na injini hujaribu kujizungusha, na kibloki kinaiongezea mkono wa kujizungushia. Vibloki viwili vikiteleza kwenye kona ya mteremko wa Kitonga na mzigo nyuma, ekseli inatoka mahali pake.

Sasa hesabu majani na uyaangalie moja moja. Jani lililoongezwa hujitambulisha: rangi tofauti, halina kutu kama wenzake, na vile vibanio vya pembeni vimekatwa au havifungi tena. Springi iliyopigwa upya kienyeji ina makovu madogo ya nyundo yanayofuatana kwenye mgongo wa jani, kama alama za vidole kwenye unga. Kazi hiyo ni ya bei nafuu na inarudisha mkunjo, lakini chuma kilichokunjwa bila moto na mafuta hulala tena, na kila kovu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia.

Mwisho wa nyuma wa springi kuna shako, vile vibati viwili vinavyoiacha springi irefuke inaponyooka. Shako ndefu kuliko za kiwandani ni njia nyingine ya kupandisha; kila milimita 50 iliyoongezwa kwenye shako huinua mkia takribani 25 tu, kwa sababu ncha moja ya springi ndiyo iliyosogea. Shako za kukatwa kwa gesi zinajulikana kwa kingo zake zisizo laini. Na hata shako za kiwandani ziangalie zimelalia wapi. Zikiwa zimesimama wima kabisa au zimelala kuelekea mbele ya gari, springi imekunjwa kupita kiasi, na ndiyo maana gari linapiga mgongo.

Hatua ya 5: Vitu vilivyovutwa bila kuulizwa

Hapa ndipo kazi ya haraka inapojionyesha. Chasisi ikipanda, kila kitu kinachounganisha chasisi na ekseli kinavutika.

La kwanza ni breki. Vigo nyingi zina valvu juu ya ekseli ya nyuma, imefungwa kwenye chasisi na kuunganishwa na ekseli kwa kijiti chenye springi. Kazi yake ni kupima mzigo: chasisi ikishuka kwa uzito, valvu inaruhusu nguvu zaidi ya breki nyuma, ikiwa juu, inapunguza ili tairi za nyuma zisifunge. Ukipandisha gari bila kuigusa, valvu inaamini pikapu ni tupu siku zote. Unapakia kilo mia saba, unateremka, na breki za mbele zinafanya kazi karibu peke yake. Seti nzuri huja na kibati cha kuinulia kijiti hicho. Kitafute. Ukikuta kijiti kimepindwa kwa mkono, kimefungwa kwa waya, au hakipo, fundi aliona valvu na akaamua kuidanganya. Hilo kwangu ni zito kuliko kibloki.

La pili ni hozi za breki, za mbele na ile ya katikati ya nyuma, pamoja na waya za ABS na kebo ya hendibreki. La tatu ni propela, fito inayopeleka nguvu kutoka kwenye gia hadi ekseli ya nyuma. Hilux ndefu zina propela ya vipande viwili yenye senta beringi katikati. Mkia ukipanda, pembe za krosi, yaani viungo vya propela, zinabadilika, na dalili yake ni mtetemo gari linapoanza kuondoka, hasa likiwa na mzigo. Dawa ni kushusha senta beringi kwa vipande vya chuma chini ya kibanio chake. Ukiviona vimeshawekwa, mhesabie fundi alama.

Hatua ya 6: Ning'iniza tairi

Omba ruhusa ya kupiga jeki. Muuzaji akikataa, nawe una jibu lako. Weka jeki chini ya chasisi, siyo chini ya mkono, inua mpaka tairi linyanyuke kutoka ardhini, weka stendi kabla hujaingiza kichwa.

Tairi ikiwa inaning'inia, gusa hozi ya breki: inapaswa kuwa na ulegevu. Ikiwa imekaza kama kamba ya mbuzi anayevutwa sokoni, siku ya shimo kubwa itakatika. Angalia kama mkono wa juu unagusa koili. Alama inayong'aa kwenye rangi ya koili inakuambia umekuwa ukigusa kwa muda. Tazama buti za mashafti, yaani vifuniko vya mpira vya jointi zake; mikunjo yake isiwe imebanana upande mmoja huku mingine imefunguka hadi kuchanika. Grisi iliyotapakaa ndani ya rimu maana yake buti imeshapasuka. Zungusha tairi kwa mkono ukiwa umegeuza usukani mwisho wa kila upande, usikilize mkwaruzo. Ndani ya madigadi, plastiki iliyokatwa kwa kisu cha moto au chuma kilichokunjwa kwa nyundo ni ushahidi kwamba tairi zilikuwa kubwa kuliko nafasi.

Nyuma fanya hivyo hivyo kwa pande zote mbili kwa pamoja. Shokapu ikiwa ndiyo inayoizuia ekseli isishuke zaidi wakati springi bado ina nafasi, ni fupi mno kwa urefu wa gari. Shokapu za namna hiyo hung'oka vichwa au huvuja mapema.

Hatua ya 7: Barabarani

Endesha wewe, siyo dalali, na uchague njia yenye lami, rasta na kipande cha vumbi. Baada ya kona legeza mikono kidogo: usukani unarudi wenyewe? Ukibaki ulipouacha, kasta haipo. Ondoka kwa nguvu kidogo kutoka kusimama, hisi kama sakafu inatetemeka hadi mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Kata kona kali polepole usukani ukiwa mwisho. Mlio wa tik-tik-tik ni jointi ya shafti. Pata barabara tupu, funga breki kwa nguvu kutoka 50: lisivute upande.

Ukirudi, papasa uso wa tairi za mbele kwa kiganja. Ukihisi ni laini kwenda upande mmoja na inakwaruza kurudi, au upande mmoja umeliwa, alaimenti haikufanywa baada ya kupandisha. Omba karatasi ya alaimenti kama ipo. Vituo vingi vya mjini hurekebisha mwelekeo wa tairi tu, kwa kuwa ni haraka, na kasta hawaigusi. Karatasi yenye namba za kasta za kushoto na kulia zinazokaribiana ni ushahidi mzuri kuliko maneno.

Hatua ya 8: Amua

Kwa maoni yangu, pikapu ya mtindo wa Hilux iliyopanda kati ya milimita 40 na 50 kwa koili na springi zenye namba, shokapu za seti moja, valvu ya breki imerekebishwa, ni gari la kununua na huenda ni bora kuliko la kiwandani kwa barabara zetu. Ilipie ziada kidogo, siyo nyingi: springi zilizotumika hazirudishi bei yake.

Pete nene mbele na vibloki halali nyuma ni gari la kununua kwa bei ya gari lisiloguswa, tena bei ipunguzwe kwa gharama ya kulirudisha. Pata makadirio ya gereji mbili kabla ya kurudi kwa muuzaji. Springi za kiwandani za kutosha zipo Gerezani kwa walio Dar es Salaam na Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, lakini kwanza jaribu gereji zinazofunga seti za kupandishia, maana wateja huwaachia za zamani.

Juu ya milimita 75 kwenye gari lenye mikono mbele, bila mabano ya kushusha difu na mikono iliyorekebishwa, mimi ningeondoka. Vivyo hivyo kwa mchomeleo wowote kwenye shako, kitako cha ekseli au kikombe cha shokapu, na kwa vibloki vilivyopandana. Punguzo halitengenezi chasisi.

Jambo moja watu hulichanganya: springi ngumu haziongezi uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Kikomo kimeandikwa na kiwanda, na kinahusu chasisi, ekseli na breki pia.

Ukishanunua

Wiki ya kwanza peleka gari kwenye alaimenti inayopima kasta, na uombe karatasi ya kabla na baada. Taa za mbele zishushwe, kwa kuwa gari lililoinua pua linawapofusha wanaokuja. Dakika kumi mbele ya ukuta usiku zinatosha. Mjulishe bima na uhakikishe mabadiliko yameandikwa kwenye ripoti ya tathmini ya gari. Kama umebadilisha springi au kutoa vibloki, tumia yubolti mpya, kwa sababu za zamani zimeshavutika. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 kaza upya yubolti zote, gari likiwa limesimama kwa tairi zake, na bolti za bushi pia zikazwe katika mkao huo huo. Bushi iliyokazwa tairi zikiwa zinaning'inia hubaki imejinyonga muda wote, na hupasuka kabla ya wakati wake.